Nani Anavaa Sufu Marereni?

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba wa kwanza kunicheka alikuwa mume wangu, na alinicheka vizuri kuliko mtakavyoweza nyinyi. Alinikuta barazani saa saba mchana, mwezi wa pili, jasho likinichuruzika mpaka kwenye viwiko, nafuma shali ya sufu. Thuku akavua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani kama aliyefika matangani, akasema, "Pole, Mama Joram. Ukimaliza hiyo, tufumie na jiko soksi. Nalo naona linasikia baridi."

Nilikuwa nahesabu vitanzi.

Tulikuwa Marereni tangu mwaka wa sabini na nane. Thuku alikuwa fundi wa pampu katika kiwanda kimoja cha chumvi, zile pampu zinazovuta maji ya bahari na kuyamwaga mabwawani yakauke. Mimi nilikulia Kinangop, ambako asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu na mtoto asiye na sweta haendi shule. Mama yangu alinifundisha kufuma kabla sijajua kusoma, na alinifundisha mtindo mmoja tu, ule tunaouita pleni. Unafuma kwenda, unageuza, unafuma kurudi vilevile, basi. Wanawake waliosomea ufumaji huudharau, husema ni wa wanaoanza. Wasemavyo na waseme. Pleni tupu haijikunji pembeni, inavutika bila kupoteza umbo, na haina ndani wala nje, ukiigeuza unakuta uso uleule. Kila mistari miwili hufanya tuta dogo, na shali nzima huwa matuta matuta kama shamba la viazi. Mama alisema anayejua kupanga rangi kwenye pleni hana haja ya ujanja mwingine.

Nami rangi naziweza. Hilo nalisema bila haya.

Uzi niliupata kwa njia ambayo hata leo hunichekesha. Rafiki yangu Mueni, mwanamke wa Machakos mwenye kicheko cha kupasua vikombe, alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja huko Malindi. Kila Desemba wageni walishuka kutoka kwenye baridi ya kwao wamevaa sweta nene kama magodoro. Walikaa wiki mbili, wakaungua jua wakawa rangi ya nyanya, wakanunua vinyago. Sanduku halikutosha vinyago na sweta, basi sweta zikaachwa kitandani. Mueni aliniletea gunia zima. Nikazifumua moja moja, nikaufua uzi, nikauning'iniza umefungwa mawe ili unyooke, nikauviringa mipira. Sindano zangu zilikuwa spoku za baiskeli, ambazo Thuku mwenyewe alizinoa ncha kabla hajajua ni za kazi gani.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana kisa chote kimo humo. Sikutaka utajiri. Nilitaka mtu mmoja tu wa pwani hii ashike kitu nilichokifuma aseme, hiki nakihitaji. Kila nilichokijua kilikuwa hakina kazi Marereni. Viazi havikuota, moto wa kuota haukuhitajika, na uji wangu wa kuchachusha hata paka wa jirani aliukataa. Wenyewe wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mwaka wa nane na jembe sijapewa.

Nikifua nguo nilikuwa na tabia ya kusema peke yangu. Nilisema kwa Kikuyu, na nilichosema kilikuwa kimoja kila siku: *Nĩngũinũka*, nitarudi kwetu. Wanangu walikwisha kuzoea, walilichukulia kama sauti ya maji. Upande wa pili wa ua wa makuti alikaa jirani yangu Kahonzi, mwanamke wa Kigiriama aliyekwangua chumvi mabwawani na kuimba sauti ya tatu kanisani. Huyo nilimsalimu asubuhi na jioni, na katikati sikumkumbuka.

Mwezi wa tisa wa mwaka wa themanini na tano tulikuwa na sherehe ya mavuno kanisani. Wengine walileta mahindi na nazi. Mimi nilipanga shali sita mezani, za pembe tatu, kila moja imeanzia vitanzi vitatu kwenye ncha na kuongezeka kimoja kimoja hadi ikatandaa kama bawa. Moja ilikuwa ya manjano na zambarau, na bado naiota. Nyaboke, mwenyekiti wetu wa akina mama, mke wa mwalimu, aliinua hiyo hiyo kwa vidole viwili.

"Dada Easter," alisema, na kanisa zima likasikia, "hii itafaa sana kufunikia sufuria ya wali isipoe."

Wakacheka. Mchungaji alichukua moja kwa huruma, na wiki iliyofuata nikamwona kuku wake anaatamia juu yake. Tano nikarudi nazo nyumbani. Usiku huo nilimwambia Thuku kwamba spoku zake anaweza kuzirudisha kwenye baiskeli.

Hakuzirudisha, kwa bahati. Baada ya siku kumi mtu alipiga hodi. Alikuwa wa makamo, shati la kaki limepigwa pasi, kalamu mfukoni, baiskeli imepanguswa mpaka inang'aa. Nikajua ni mfanyabiashara wa chama cha ushirika.

"Shikamoo," nilisema. Hiyo ilinichukua miaka mitatu kuizoea, kwetu hatuna.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Garama. Nimeambiwa hapa pana nguo za baridi."

Nilichungulia nyuma yake kuona nani amemtuma aje anicheke. Hapakuwa na mtu. Nikamletea zile tano. Hakuzitazama kama watu wanavyotazama, alizishika. Alipitisha kidole gumba kwenye matuta polepole, akaigeuza moja, akaigeuza tena.

"Ndani yake ni wapi?"

"Haina ndani, mzee. Kotekote ni sawa."

Akafumba macho kidogo. "Kotekote ni sawa," alisema. "Ndiyo niitafutayo. Nguo yenye ndani na nje ina pa kujificha."

Nilikaribia kulia. Maisha yangu yote nilikuwa nikiwaeleza watu habari za pleni, na huyu ameielewa kabla sijafungua kinywa!

"Lakini rangi hizi sizo," aliendelea. "Nitilie nyekundu ianze, nyeupe ifuate, kisha buluu iliyokoza kama kaniki. Hayo matuta yawe saba saba, mpaka mwisho. Wala usiache ncha ya uzi ikaning'inia."

"Ni ya nani, mzee?"

"Ni ya mama mmoja. Asikia baridi sana."

"Hapa Marereni?"

"Baridi haina kwao, bibi," alisema, akapanda baiskeli yake.

Nikafikiri, malaria, maskini, na umri umekwenda. Nilifuma siku nne. Garama aliporudi alitoa utepe wa kupimia mfukoni, akapima pande zote tatu, kisha akapiga magoti kwenye mkeka akahesabu matuta, moja baada ya jingine. Karibu na ukingo akasimama. "Hapa yako manane." Nikahesabu. Kweli yalikuwa manane. Nikafumua mpaka pale, yeye akingoja kivulini bila kunung'unika, na sikuona uchungu hata kidogo. Mteja anayekuhesabia matuta anakuheshimu.

Akaja tena baada ya wiki, kwa mama mwingine. Kisha kwa wawili. Ilipofika Krismasi nilikuwa nimefuma kumi na tisa, za Matsangoni, za Ganze, moja ya Mariakani iliyotumwa kwa lori la chumvi. Mueni alikuwa haniletei tena gunia, ananiletea orodha: nyekundu hakuna wiki hii, ila pana Mjerumani wa chumba cha tisa, ana buluu nzuri na anaondoka Ijumaa. Nami kanisani nilianza kukaa benchi la mbele. Nilikuwa napita karibu na Nyaboke na mfuko wa sindano, polepole, ili spoku zigongane zisikike.

Thuku peke yake ndiye aliyekuwa na swali. "Nani anavaa sufu Marereni?" aliniuliza akila. "Mimi nazunguka hapa kila siku. Nimeona leso, nimeona hando za marinda, nimeona watu na fulana zina matundu. Hiyo shali yako sijaiona kwa mtu hata mmoja."

"Zinavaliwa nyumbani."

"Basi hao watu wamefungiwa?"

Swali lilinikera, nikampelekea Garama. "Zavaliwa ndani, bibi," alisema, "wala si kila siku. Zina siku zake." Nikaridhika. Nikaona ni kama sahani nzuri za maua, ambazo hazitolewi ila kwa wageni. Mtu akishapanda kiburi haulizi mara mbili.

Mwanzo wa mwaka tukapata habari kwamba mke wa askofu wetu atatutembelea Jumapili moja ya mwezi wa pili. Akina mama tukakutana kupanga zawadi. Desturi ilikuwa leso moja na kikapu. Nilisimama nikasema leso anazo tele, kwa nini tusimpe kitu kilichobuniwa na mikono ya Marereni? Nilisema nikiwa nimeshika sindano.

Nyaboke alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Hakumpata. "Haya, dada Easter afume," alisema. "Tunasikia kazi yake imevuka Mto Sabaki."

Jioni hiyo Kahonzi aliniita kutoka upande wake wa ua. Si kawaida yake.

"Mama Joram, hiyo ya kanisani utaitia rangi gani?"

"Nyekundu, nyeupe, buluu. Ndiyo inayopendwa sana."

Nilisikia akiweka ndoo chini. "Itie kijani," alisema. "Kijani chapendeza. Na manjano kidogo."

"Kijani cha nini?"

"Basi tu. Hizo tatu ziache, mamangu. Hazimfai mgeni."

"Kwa nini hazimfai?"

Akatazama kule kwenye nyumba ya mchungaji, akatazama chini. "Ziache tu."

Nikajua ni wivu. Nililolisema hapo nalisema tena leo ili nione haya mara ya pili. Nilimwambia, "Kahonzi, wewe kwangua chumvi. Rangi niachie mimi."

Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Haya. Mwenye macho haambiwi tazama," alisema, akabeba ndoo yake akaingia ndani.

Shali ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Nasema ilivyokuwa, sijisifu. Nilichagua nyekundu ya sweta mbili tofauti ili iwe na kina. Nilihesabu saba, saba, saba, na kila kona ikanyooka kama imekatwa kwa kisu.

Jumapili ilifika na joto lake lote. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na saa tano mabati yalikuwa yanalia. Mama Askofu alikuwa mnene, mpole, na leso yake ya kufutia uso ilikuwa imelowa kabla ya wimbo wa kwanza. Wakaniita mbele. Nilitembea polepole, nikaikunjua shali mbele ya watu wote, nikamvika mabegani. Nilimwona akimeza mate. Sufu ya wageni wa Desemba, mwezi wa pili, chini ya mabati. Akatabasamu kwa nguvu zote za Kikristo alizokuwa nazo.

Upande wa watu wa bara wakapiga makofi. Upande wa Wagiriama hakuna aliyepiga. Nikaona vichwa vinainama kimoja kimoja. Kikongwe mmoja akavua viatu vyake akaviweka kando. Nikafikiri, jamani, hata uzuri unaweza kuwafedhehesha watu hivi?

Ndipo Kahonzi akaanza kutetemeka.

Siku hiyo hakukaa na waimbaji, alikuwa benchi la mlangoni. Yalianza mabega, kisha meno. Akainuka akaja katikati ya kanisa amejikumbatia, na sauti iliyomtoka ikasema, "*Heho! Heho!*" Watu wa kwetu wakageuka kwa pamoja, kwa sababu hilo ni neno letu, na maana yake ni baridi. Kahonzi hakujua Kikuyu. Hakuna aliyewahi kumfundisha hata neno la kuomba maji. Akasogea tena hatua mbili, akaweka mkono kiunoni, akavuta pua, akasema kwa uchovu, "*Nĩngũinũka.*"

Maneno ni ya kila mtu, lakini ile sauti ilikuwa yangu. Lile kuvuta pua, ule mkono kiunoni, na neno linavyoburutwa mwisho kama mtu anayeburuta gunia. Mwanangu Joram alikuwa safu ya pili. Hakumtazama Kahonzi. Alinitazama mimi.

"Pepo! Mtoeni nje!" Nyaboke alipiga kelele.

"Mwacheni," alisema Mama Askofu. "Huyu ameguswa na Roho." Akaivua shali, na sijui kama niliwahi kuona mtu akitoa sadaka kwa moyo mweupe vile, akamfunika nayo Kahonzi toka kichwani. Papo hapo kutetemeka kukakoma. Kahonzi akashusha pumzi ndefu, akaketi sakafuni, akaomba maji kwa Kiswahili safi.

Haleluya iliyopigwa pale iliyatikisa mabati. Ngoma ikaingia, waimbaji wakaingia, na walioimba kwa nguvu kuliko wote walikuwa Wagiriama, wakitazamana kama watu walioona gari limekosa kumgonga mtoto. Nyaboke naye akainua mikono. Katika taarifa aliyoipeleka kwa askofu Mombasa aliandika kwamba wazo la shali lilikuwa la kamati.

Baada ya chakula Mama Askofu aliniita kando. "Umeongozwa, binti yangu," alisema. "Nyekundu ni damu, nyeupe ni utakaso, buluu ni mbinguni. Na hii mistari saba saba, nani alikufunulia?"

"Ni mzee mmoja, mama."

"Ubarikiwe pamoja naye. Nifumie kumi na mbili za akina mama wa maombi. Hivi hivi, usibadilishe kitu."

Jumanne Garama akaja kuchukua za wiki. Habari alikuwa nazo zote, hata ile ya viatu vya kikongwe. "Huyo mgeni wenu kazi aijua," alisema, kwa ile heshima ya fundi anapomtaja fundi mwenzake. "Mimi huchukua siku tatu."

Nikaweka sindano chini. "Mzee Garama, wewe ni nani hasa?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kama sasa ni mchana. "Mganga, bibi. Hukujua?"

"Nilikudhania mfanyabiashara!"

"Na hiyo pia," alisema.

Akanieleza, taratibu, akinionea huruma. Pepo wana makabila yao. Yuko pepo Mwarabu, ataka marashi na kanzu. Yuko Msomali, ataka maziwa. Yuko Mzungu, ataka sabuni na kiti cha kukalia. Nguo zao za kutulizwa ni za rangi zile tatu, na zikitandazwa viatu huvuliwa, hilo mtoto yeyote wa Kigiriama alijua. Sasa tangu viwanda vya chumvi vilete watu, ameingia mwingine, wa bara. Hutetemeka jua la utosi, hali samaki, hulia bila kufiwa, na akiulizwa hujibu Kikuyu. Leso hazimtoshi, anataka sufu.

"Wako waganga wabishi," alisema, "wanasema huyu ni Mzungu, kwa kuwa sufu ni ya Mzungu. Nikawaambia, uzi ni wa Mzungu, lakini baridi ni ya bara."

Mtaniuliza kama nilikataa kazi yake tangu siku hiyo. Nilikusudia. Lakini nilikuwa na kumi na mbili za Mombasa kwenye sindano, na zake nne zilikwisha kuanzwa, na rangi ni zilezile. Niliapa hizo ndizo za mwisho. Upepo wa kusi ulipoanza nilizianika zote kwenye kamba moja, upepo ukaziangusha chini zikachanganyika. Kumi na mbili zikaenda kwa akina mama wa maombi, nne zikaenda Ganze kwa Garama. Zipi zilikwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye. Hakuna upande ulioleta malalamiko, na pande zote mbili ziliagiza tena.

Lakini Jumanne ile sikuwa na moyo wa kucheka. Garama alipoondoka nilishikwa na hasira ambayo sijaipata tena. Kwa hiyo huyo ndiye aliyenihitaji! Miezi mitano natembea kifua mbele, kumbe kati ya watu wote wa pwani, aliyetaka kazi ya mikono yangu ni pepo. Na pepo mwenyewe ametoka kwetu. Nikazunguka ua, sikupiga hodi.

Kahonzi alikuwa mlangoni anakaanga samaki.

"Umenitukana kanisani," nilimwambia. "Umeniigiza mbele ya watoto wangu."

"Si mimi, Mama Joram."

"Sauti ilikuwa yangu!"

"Nimeisikia miaka minane," alisema. "Ingekuwa ya nani?"

Akageuza samaki, akaniwekea kigoda, nami nikaketi.

"Ulipokuja hapa ulikuwa ukifua na kulia," alisema. "Maneno siyajui, kilio nakijua. Nikakuletea samaki, ukasema huli. Nikakualika harusi ya dadangu, ukasema joto. Nikanyamaza, nikawa nasikiliza tu, kila siku, ua ni makuti. Basi siku moja nami nikaanza kutetemeka, saa sita mchana, nimesimama chumvini. Garama akapiga ngoma siku tatu. Akamuuliza, wewe wataka nini? Akasema ataka kwao. Garama akamwambia, kwenu ni mbali mno, hatuna njia ya kukupeleka, taka kitu kingine. Akalia, akalia sana. Kisha akasema, basi nifunikeni."

Mafuta yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyashughulikia.

"Ndipo nikakumbuka zile nguo za mavuno," alisema. "Nikamtuma Garama kwako."

"Kwa hiyo ile ya kwanza..."

"Ni yangu. Imo ndani."

Akaingia, lakini aliyotoka nayo haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa ya kanisani, yenye nyekundu mbili, imekunjwa vizuri. "Hii si yangu," alisema. "Pepo mmoja hapewi nguo mbili. Hii ni ya mwenyewe." Akaikunjua akaniweka mabegani, kama nilivyomvika Mama Askofu.

Nilikuwa nimefuma karibu arobaini na sikuwahi kuvaa hata moja. Nilitaka kuivua. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, mambo hayo siyajui, na kwetu Kinangop hayapo. Nilifungua kinywa nimwambie. Nikalia badala yake. Nililia kwa sauti, jua la utosi, nimejifunika sufu hadi masikioni, na ilinifaa, jamani, ilinifaa kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa katika mji ule. Kahonzi hakunibembeleza. Aliopoa samaki, akaniwekea mmoja kwenye sahani, nikamla.

Thuku alikuwa anarudi kula chakula cha mchana. Akatupita, akasimama, akarudi nyuma. Alinitazama, akaitazama shali, akamtazama samaki ambaye kwa miaka minane nilikataa asiingie nyumbani kwangu. Akavua kofia yake ya kazi, na safari hii hakufanya mzaha nayo.

"Kumbe anayevaa ni wewe," alisema.

Kahonzi akamsogezea kigoda.